Ukienda kwa Muuguzi Mwenye Kliniki Yake

Katika kijiji ninachofanyia kazi kuna milango miwili ya matibabu. Mmoja ni wa zahanati ya serikali, ambako mimi ni mganga msaidizi. Wa pili uko ng'ambo ya barabara, karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Huo ni mlango wa kliniki ya muuguzi mkunga aliyestaafu kazi ya serikali akiwa na miaka 60, akarudi nyumbani kwao, akajenga vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, akapata leseni, akaanza kuhudumia watu kwa malipo. Hakuna daktari katika kliniki ile. Yupo yeye, muuguzi wa cheti anayemsaidia, na binti mmoja wa usafi.

Watu wananiuliza swali moja kila siku. Wananiuliza njiani, kisimani, hata msibani: "Dokta, yule sista anaruhusiwa kweli kutibu peke yake? Si ni nesi tu?"

Miezi ya mwanzo nilikuwa nikijibu vibaya. Nilisema, "Nendeni tu, lakini mkizidiwa msinililie mimi." Nilidhani nalinda afya ya wananchi. Kwa kweli nilikuwa nalinda kiti changu. Mimi ni kijana, nina cheti, na watu wananiita dokta. Yeye ana stashahada ya uuguzi na ukunga na miaka zaidi ya 30 ya kazi wodini, na watu wanamwita sista. Jina la heshima kubwa limemwangukia mwenye elimu ndogo, na mimi sikuona haraka ya kulisahihisha.

Leo nataka kulijibu swali hilo kama linavyostahili. Lakini kwanza nieleze jambo lililonifanya nibadilike, maana bila hilo nisingeandika makala hii.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Benchi la zahanati lilikuwa limejaa tangu saa moja asubuhi. Akaja mama mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, miezi minane, akiwa na mama mkwe wake. Alisema kichwa kinamuuma tangu juzi. Nilimtazama. Miguu ilikuwa imevimba, na uso nao umejaa kidogo. Nikajiambia kuwa huyu ametoka mabondeni, amepigwa na jua, amesimama sana. Kipimo chetu cha presha kilikuwa hakifanyi kazi kwa sababu betri zilikwisha wiki mbili nyuma, nami nilikuwa nimeandika ombi la betri nyingine nikingoja zije kutoka wilayani. Betri za aina ile zinauzwa dukani, hatua 50 kutoka mlangoni pangu. Nikampa parasetamoli, nikamwambia apumzike na arudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mama mkwe hakuridhika. Mama wakwe wa huku kwetu hawaridhiki upesi, na safari hii nashukuru. Walipotoka kwangu walivuka barabara.

Yule muuguzi alimkalisha, akamwacha atulie kidogo, akampima presha. Ilikuwa 170 kwa 110. Akampa chombo cha mkojo, akachovya kijiti cha kupimia, akaona kuna protini nyingi. Kisha akamuuliza mambo mawili ambayo mimi sikuyauliza: je, anaona ukungu au nyota machoni? Je, ana maumivu chini ya chembe cha moyo? Yote mawili alijibu ndiyo.

Nilikuwa naandika katika daftari la wagonjwa nilipomwona mlangoni, amekuja mwenyewe, kitambaa cha kazi bado kipo begani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Una magnesiamu salfeti?"

"Ya nani, mama?"

"Ya yule uliyempa parasetamoli."

Hakusema zaidi ya hapo. Dawa ile ilikuwa kabatini kwangu, chupa zimepangwa vizuri, tarehe yake haijapita. Kwake haikuwapo, ilikuwa imekwisha. Tulikwenda pamoja, tukamchoma dozi ya kwanza, yeye akapiga simu hospitali ya wilaya kueleza nani anakuja na ana nini, mume akatafuta gari lililokuwa linapakia magunia. Muuguzi akaandika barua, akapanda nyuma na mgonjwa. Ni kilometa 38 za barabara ya udongo. Usiku ule mama alifanyiwa upasuaji, mtoto wa kiume akazaliwa na kilo 1.9. Wote wawili wako hai.

Kwa wasiojua, mama yule alikuwa njiani kuelekea kifafa cha mimba. Ni ugonjwa unaokuja baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, na wakati mwingine hata baada ya kujifungua. Presha inapanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini inaonekana katika mkojo. Mwanzoni mama anaweza asihisi kitu chochote, ndiyo maana kila siku ya kliniki ni lazima apimwe presha hata kama anajisikia mzima. Ukizidi, huja maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uvimbe wa uso na mikono, maumivu ya tumbo la juu. Baada ya hapo ni degedege, na degedege linaweza kumuua mama na mtoto. Sindano ya magnesiamu inazuia degedege lakini haiondoi ugonjwa. Kinachoumaliza ni mtoto na kondo la nyuma kutoka tumboni, na mama kuangaliwa vizuri siku zinazofuata. Kwa hiyo mama wa namna hii hatibiwi kijijini akalala. Anapewa dozi ya kwanza na kupelekwa.

Huyo ndiye "nesi tu". Sasa turudi kwenye swali la wananchi: anaruhusiwa?

Ndiyo, akiwa na leseni. Tanzania tuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na chini yake lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza ndilo linalosajili wauguzi na wakunga na kuwapa leseni, na ndilo linaloweza kumwita muuguzi ajieleze akikiuka maadili ya kazi. Jengo la kliniki nalo husajiliwa peke yake kama kituo binafsi cha huduma. Basi mambo ni mawili, mtu ana leseni yake na nyumba ina usajili wake. Muuguzi mwenye leseni safi anayechoma sindano chumbani kwake katika nyumba isiyosajiliwa anavunja sheria. Na nyumba iliyosajiliwa ambayo mwenye leseni amesafiri kwenda arusini na kumwachia funguo shemeji yake, siku hiyo si kliniki.

Wazee wengine wanashangaa kusikia haya kwa sababu wanakumbuka wakati mwingine. Mwaka 1977 ilipitishwa sheria iliyopiga marufuku kutibu watu kwa ajili ya faida. Vituo vya mashirika ya dini viliendelea, na serikali ilikuwa inajenga zahanati vijijini kwa kasi, lakini mtu binafsi kufungua mlango akatoza fedha kwa tiba haikuruhusiwa. Mwaka 1991 sheria ile ilirekebishwa na huduma za binafsi zikarudi. Wauguzi na wakunga wengi waliokuwa wanastaafu wakaanza kufungua kliniki ndogo na nyumba za uzazi, nao wana chama chao kinachojulikana kwa jina la PRINMAT. Mzee anayesema "zamani ilikuwa kosa" hasemi uongo. Anasema habari ya kabla ya 1991.

Lakini swali lenyewe, yaani kama muuguzi anaweza kumtibu mtu bila daktari kusimama nyuma yake, halikuzaliwa kijijini kwetu. Limebishaniwa sana huko Marekani, na inafaa tujue walifika wapi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumfundisha muuguzi mzoefu apime watoto, atambue magonjwa ya kawaida na kuyatibu. Bi Ford alikuwa amefanya kazi ya uuguzi wa jamii mashambani, akaona familia zinazokaa mbali na daktari. Madaktari walikuwa wachache, na wengi wao walikaa mijini. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Bi Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na wauguzi wa aina ile nchini mwake wamezidi laki tatu. Kiingereza kina jina maalumu kwao. Sisi tuseme ni muuguzi anayetibu.

Wengi wao husoma mpaka shahada ya pili. Wanapima, wanatambua ugonjwa, wanaandika dawa. Katika zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya nchi ile sheria inawaruhusu kufanya hivyo bila mkataba na daktari, hata kufungua kliniki zao wenyewe. Katika majimbo mengine lazima wawe na daktari aliyeweka sahihi, na wapo wauguzi wanaomlipa daktari kila mwezi kwa ajili ya sahihi hiyo ingawa daktari mwenyewe huenda hamwoni mgonjwa hata mmoja. Chama kikubwa cha madaktari cha huko kinapinga wauguzi kuachwa peke yao. Kinasema mafunzo yao ni mafupi kuliko ya daktari. Hilo ni kweli, ni mafupi.

Basi wakapima. Mwaka 1974 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Burlington, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Familia ziligawanywa kwa kura, nyingine zikaonwa na madaktari wao kama kawaida, nyingine zikaonwa kwanza na wauguzi waliopata mafunzo haya. Afya za makundi yote mawili zikawa sawa. Wauguzi waliweza kumaliza wenyewe karibu theluthi mbili ya safari za wagonjwa, na zilizobaki wakamwita daktari. Mwaka 2000 likatoka jaribio jingine la New York, wagonjwa 1,316, nao waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi sita hali za wagonjwa zilikuwa sawa pande zote, isipokuwa namba ya chini ya presha ilikuwa chini kidogo kwa waliokuwa wanaonwa na wauguzi.

Niliposoma habari ya Burlington, ile theluthi moja iliyobaki ndiyo iliyonikamata. Muuguzi alipata matokeo mazuri kwa kuwa alijua kila mara ni mgonjwa yupi si wake, na alikuwa na mahali pa kumpeleka. Majaribio yale hayakufanywa kwa mama anayetoka damu saa nane za usiku, kilometa 38 kutoka chumba cha upasuaji.

Tena tusichanganye mambo. Muuguzi wetu wa ng'ambo ya barabara hana elimu ile ya Marekani, naye hasemi anayo. Amefunzwa uuguzi na ukunga wa Tanzania, na leseni yake ndiyo inayosema anaruhusiwa nini. Anapima wajawazito, anazalisha wasio na matatizo, anatoa huduma za uzazi wa mpango, anasafisha na kufunga vidonda, anatibu magonjwa madogo ya kawaida. Mama aliyewahi kupasuliwa hazalii kwake. Mwenye mapacha hazalii kwake. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mama mwenye upungufu mkubwa wa damu, mama mwenye presha, wote anawaambia mapema, mimba ikiwa bado ndogo, waanze kuweka nauli ya kwenda hospitali. Nimewahi kumsikia mume mmoja akimlalamikia kwamba anafukuza wateja. Akamjibu, "Baba, mimi namfukuzia uhai."

Kwa nini basi watu wanalipa kwake wakati kwetu wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bure, kama Sera ya Afya ya mwaka 2007 inavyosema? Niliwauliza wengine, na majibu yao yalinichoma. Mmoja alisema kwa sista hakuna benchi. Mwingine akasema kwake unaweza kueleza habari ya chini ya nguo bila watu watano kusikia, maana mlango wa chumba changu haufungi vizuri na wanaongoja wako nje pale pale. Mwanamke mmoja alisema anakwenda kule kwa ajili ya sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu mimi ni kijana wa kiume na kaka yake ni rafiki yangu. Na wengi wakasema neno moja: anatuuliza.

Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nimekuwa mpiga debe wake. Kliniki ya binafsi inaishi kwa fedha ya mgonjwa, na fedha ina mvuto wake. Mwananchi akishatoa noti anataka aondoke na kitu. Anataka sindano. Anataka chupa ya maji mshipani kwa sababu jirani yake aliwekewa akapata nguvu. Akiambiwa "huna malaria, una mafua, kunywa maji na upumzike, utalipa fedha ya kipimo tu", anatoka amenuna, kesho anakwenda kwa mwingine atakayemchoma. Muuguzi mwenyewe aliniambia kwamba jambo gumu katika kazi yake si kuzalisha usiku. Ni kumrudisha mtu na fedha yake mfukoni wakati mshahara wa msaidizi haujalipwa. Kwa hiyo, wananchi, sehemu ya kosa ni yetu. Ukimlazimisha muuguzi akuchome antibayotiki kwa ajili ya mafua, umenunua kitu kisichokusaidia, na vijidudu vilivyomo mwilini mwako vinajifunza kuishi na dawa ile. Siku utakapoihitaji kweli, huenda isifanye kazi.

Sisi wa zahanati nasi tuna kishawishi chetu. Hakuna anayenilipa kwa kichwa, kwa hiyo kishawishi changu ni benchi. Nikitazama watu 40 wanaongoja, mkono wangu unakwenda kwenye parasetamoli kabla mdomo haujauliza. Nimekwisha kueleza hilo liliishia wapi.

Ukienda kwenye kliniki ya namna hii, anza na ukuta. Leseni ya muuguzi na cheti cha usajili wa kliniki vitundikwe mahali unapoviona, na jina lililoandikwa liwe la huyo anayekuhudumia. Soma na tarehe ya mwisho. Usione haya. Kama hujui kusoma, mwombe mtoto wa shule aliyefuatana nawe akusomee, au uliza ofisi ya kijiji, maana mtendaji anapaswa kujua vituo vilivyomo katika eneo lake. Gauni jeupe si leseni. Na duka la dawa muhimu si kliniki, hata kama muuzaji wake amesomea uuguzi. Duka lile limeruhusiwa kuuza dawa zilizomo katika orodha yake. Halikuruhusiwa kuchoma sindano, na chumba cha nyuma chenye kitanda na pazia kisikudanganye.

Halafu tazama anaanza na nini. Muuguzi mzuri anakuuliza kwanza na kukupima, dawa inakuja mwisho. Ananawa mikono. Mwenye homa anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, tone moja la damu kidoleni, dakika 15 au 20 za kungoja, kabla ya kupewa dawa mseto. Kipimo kikisema huna malaria, asikupe dawa ya malaria "kwa tahadhari", bali atafute homa inatoka wapi. Mtoto anayekohoa anavuliwa shati na kuhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akivuta mara 40 au zaidi, huyo anaweza kuwa na nimonia. Dakika hiyo moja ya kutazama kifua haina gharama. Ukiona imerukwa, ulizia.

Uliza pia bei kabla ya kuhudumiwa, na kama una kadi ya bima uliza kama inapokelewa pale. Dai risiti, na udai iandikwe ulipewa dawa gani. Nina sababu yangu ya kusisitiza hili. Wagonjwa wanaohama kutoka mlango hadi mlango wanakuja kwangu wakisema "nilipewa vidonge vyeupe". Vidonge vyeupe ni vingi, ndugu zangu. Karatasi moja yenye jina la dawa inaniokoa nisikupe dozi ya pili ya kitu ulichomeza asubuhi.

Na uliza swali hili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: "Nikizidiwa, unanipeleka wapi, na kwa njia gani?" Muuguzi aliyejipanga atakujibu papo hapo. Atakutajia hospitali, atakuonyesha namba ya simu, atakuambia gari la nani linapatikana usiku. Akianza kucheka na kusema "Mungu hatuletei hayo", toka.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kukaa kwake wala kwangu. Mjamzito anayetoka damu, mwenye degedege, mwenye kichwa kikali na ukungu wa macho, ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni, au aliyevunja chupa na siku ikapita bila uchungu. Aliyejifungua akawa anaendelea kutoka damu nyingi, au ana homa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Mtu mzima mwenye maumivu ya kifua yanayobana, au aliyepooza upande mmoja ghafla. Hawa pita nao kwetu kama tuko njiani, ili wapewe dozi ya kwanza na barua, lakini safari isikatishwe. Ukiona muuguzi au mganga anataka kumlaza mgonjwa wa namna hii "tumwangalie mpaka kesho", una haki ya kumnyanyua mtu wako na kuondoka, na ni wajibu wake kukuandikia barua hata kama amekasirika.

Baada ya ile Alhamisi, nilikaa siku tatu bila kuvuka barabara. Ya nne nikaenda, jioni, watu wamepungua. Nilitaka kuomba radhi lakini nilianza na habari za bei ya mpunga. Yeye akanimiminia chai, akaniuliza kipimo changu cha presha kina nini. Nikamwambia betri. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kurefu.

"Mwanangu," akasema baadaye, "mimi nilipokuwa na umri wako, nilimpoteza mmoja. Siku hizi bado nayajua majina ya ndugu zake wote." Kisha akaongeza sukari katika chai yake kama vile hakusema kitu.

Tukakubaliana mambo. Akimpata mgonjwa anayehitaji dawa iliyo kwangu, anamleta na karatasi, namwandika katika daftari langu na kumpa huduma kama mgonjwa mwingine yeyote. Mimi nikimpata mama anayeona haya kunieleza jambo, namwambia wazi avuke barabara, nampa karatasi. Karatasi zenyewe ni kurasa za daftari la shule zilizokatwa katikati. Zinaandikwa jina, umri, tumeona nini, tumepima nini, tumetoa nini, saa ngapi. Mwezi wa kwanza nilipokea karatasi tano. Moja ilisema tu: "Huyu amekataa kwenda hospitali. Jaribu wewe, anakuheshimu." Nilijaribu, akaenda.

Bado tunabishana. Yeye anaona sisi wa zahanati tunatoa dawa upesi mno, na mimi naona bei yake ya kumwona mgonjwa wa usiku ni kubwa kwa mtu wa kibarua. Wengine katika kamati ya zahanati hawapendi urafiki huu. Mjumbe mmoja aliuliza mkutanoni kwa nini dawa ya serikali inatumika kwa mteja wa kliniki ya mtu. Nikamjibu kwamba dawa ilitumika kwa mama wa kijiji hiki, ikaandikwa kwa jina lake, na daftari ni hili hapa. Mwenyekiti akalipitisha daftari mezani, wakalisoma, wakaendelea na ajenda ya choo.

Mtoto yule sasa ana miezi minane. Mama yake anapimwa presha kila mwezi, maana aliyewahi kuugua hivyo anaweza kuugua tena mimba nyingine ikija, na amechagua kupumzika kwanza kwa njia ya uzazi wa mpango anayoipata ng'ambo ya barabara. Chanjo za mtoto anapata kwangu. Ya surua atachomwa mwezi ujao akitimiza miezi 9, na bibi yake amekwisha kuniambia atakuja naye mwenyewe, asubuhi na mapema, akae mbele ya benchi. Kipimo cha presha kina betri mpya. Nyingine nne ziko kabatini, rafu ya juu, karibu na dawa za minyoo.